Lexus na Harrier: aliyeuliza kama aongeze pesa kwa ajili ya ile L, njoo usome

Kijana aliyeuliza yupo Fuoni hapa Unguja, anataka gari ya mtumba kutoka Japani, kaletewa picha za mbili, moja Harrier ya 2006 na nyengine "Lexus RX ya 2006", hiyo ya Lexus imezidi shilingi milioni 4. Jirani yake kamwambia ni gari moja hiyo hiyo nembo ndo tofauti, na yeye anataka kujua Lexus yenyewe ni kitu gani mpaka watu wanaitaja kwa heshima namna ile. Nimeona majibu ya juu, mmoja kasema kampuni ya Kijerumani, mwengine kasema ya Dubai, ewallah! Nikaona nikae kitako niandike maana mie hili la nembo lishanitia aibu mbele ya ukoo mzima.

Acha nikiri kwanza. 2014 nilinunua Harrier ya 1999, ile ya mwanzo kabisa, rangi ya fedha. Wakati ule nikichukua wageni uwanja wa ndege nikiwapeleka Paje na Nungwi, na wenzangu wote pale maskani washabadilisha pua za gari zao, mie tu ndo bado natembea na kindege, nembo ya Harrier. Nikaenda Mwanakwerekwe nikanunua L mbili, nembo ya Lexus, zinameremeta, 15,000 kila moja. Ijumaa baada ya sala nikaweka gari uani nikaanza kazi. Zile herufi za nyuma nilizitoa kwa mshipi wa kuvulia, unaulowesha maji ya moto na sabuni, unaupitisha nyuma ya herufi unavuta huku na huku kama unakata boflo, H ikaanguka, A ikafuata, mpaka R ya mwisho, gundi nikaifuta kwa mafuta ya taa. Nikarudi nyuma hatua tatu nitazame kazi yangu. Kumbe ile rangi iliyokuwa chini ya herufi miaka 15 haijapigwa jua, kwa hiyo neno HARRIER limebaki pale pale kwa rangi mpya, linasomeka kuliko mwanzo! Nikaibandika L pembeni nikajipa moyo hakuna atakayeona. Mbele nako kile kindege cha kwenye shoo nilikichokoa kwa bisibisi nikavunja na kishikizo chake, L ya mbele nikaikaza kwa waya.

Mwezi huo huo tukawa na harusi Wete. Gari ikapandishwa meli mpaka Mkoani, na ami yangu kaja kutoka Maskati, nikamchukua mie akae mbele kama mtu mzima. Sasa ami huyu kule Oman ana Lexus ya haki, LS 400 ya 1993, kaitunza kama yai. Akaizunguka gari yangu kimya, akapanda, akafunga mkanda, akautazama usukani muda mrefuuu. Halafu akanambia, "Mwanangu, Lexus yako mbona katikati ya usukani ina kuku?"

Usukani nilikuwa nimeusahau. Harrier ni jina la ndege wa jamii ya mwewe ndo maana Toyota walizitilia nembo yake ya peke yake, lakini nani alitaka kusikia hayo, tangu Mkoani mpaka Wete, vilima vyote vile na kona zote zile, gari nzima inacheka, na mpaka leo Pemba wapo wanaoniita Kuku. Zile L moja ipo kwenye baskeli ya mwanangu, nyengine imepotea.

Haya turudi kwenye swali. Historia hii kwanza nilipewa na ami usiku ule wa harusi tukinywa kahawa, mengine nikayasoma baadae mwenyewe kwa hasira ya kuchekwa.

Lexus ni Toyota. Agosti 1983 mwenyekiti wa Toyota, Eiji Toyoda, aliwaita wakubwa wenzake akawauliza kama kampuni inaweza kutengeneza gari ya kushindana na iliyo bora kuliko zote duniani. Uliza hilo swali 1983 watu wacheke, Toyota wakati ule ni Corolla na Hilux, gari usiyoionea haya kuipakia magunia ya karafuu. Mwenye pesa zake Marekani alikuwa anakwenda kwa Mjerumani, Mercedes-Benz au BMW, ama ananunua Cadillac ya kwao. Mradi ukaitwa F1 na injinia mkuu akawa Ichiro Suzuki. 1985 wakapeleka watu wao California, wakapanga nyumba Laguna Beach wakakaa pale wanatazama tu matajiri wanaishi vipi, wanapanda gari vipi, wanapenda nini. Kazi ile iliingia mainjinia kama 1,400 na gari za majaribio kama 450 kabla haijatoka moja ya kuuzwa.

Hapa kwa Suzuki nataka nikae kidogo maana ndo roho ya habari yote. Yeye alitaka gari ifike kasi ya kilomita 250 kwa saa, isile mafuta mpaka ikaangukia kwenye ile kodi ya Marekani ya gari zinazobugia, na ndani iwe kimya mtu azungumze kwa sauti ya chini. Fundi yeyote atakwambia hayo yanagombana. Ukitaka kimya unajaza mazulia na mabati mazito, ukijaza vizito gari haikimbii na mafuta inakunywa. Wenzake wakamwambia chagua, akakataa kuchagua. Akawaambia kelele na mtikisiko vifuatwe huko huko vinakozaliwa, kwenye enjini na shafti, vipande vichongwe kwa usahihi zaidi mpaka kelele isizaliwe, siyo izaliwe halafu ufunikwe mdomo. Sie mafundi wetu wengi wakisikia mlio wanakwambia ongeza redio.

Gari ikaonyeshwa Detroit Januari 1989, LS 400, enjini ya V8 lita 4, bei ilianzia dola 35,000 na Wajerumani wenye gari za kimo kile walikuwa juu yake kwa mbali. Hata jina lilitaka kuwaponyoka, kulikuwa na kampuni Marekani ina huduma ya kompyuta inaitwa Lexis ikawashtaki, Toyota wakashinda kwenye rufaa mwaka huo huo. Halafu likaja lile tangazo la televisheni, glasi za shampeni zimepangwa kama piramidi juu ya boneti, gari ipo kwenye rola magurudumu yanazungushwa mpaka maili 145 kwa saa, hata tone halimwagiki. Ami anasema na yeye alijaribu kwake kwa finjani moja ya kahawa, gari imesimama enjini inawaka, finjani ikatulia kama ipo kwenye sinia.

Lakini sifa ya Lexus mie naona haikutoka kwenye glasi, ilitoka kwenye kosa. Walianza kuuza Septemba 1989, Desemba hiyo hiyo wakapata malalamiko mawili, moja la waya na jengine la taa ya breki. Malalamiko mawili! Wakaziita zote walizokwisha kuuza, kama 8,000. Hawakumwambia mtu leta gari yako upange foleni, walituma watu majumbani wakazichukua, zikatengenezwa, na zikarudishwa zimeoshwa na tangi limejaa mafuta. Siku 20 hivi kazi imekwisha. Mie hapa niliwahi kupeleka gari kwa fundi mmoja, simtaji, nabadilisha breki pedi tu, nimerejeshewa robo tangi imekwenda na kiti cha nyuma kinanuka pweza. Kwa hiyo nikisoma ile habari ya 1989 mie naiona kama hadithi za mji wa mbali.

Toka 2000 mpaka 2010 Lexus ndo ilikuwa inaongoza Marekani kwa mauzo ya gari za kifahari. Na ipo LS 400 moja ya 1996 huko huko Marekani ilifikisha maili milioni moja mwaka 2019, zaidi ya kilomita milioni 1.6, hebu piga hesabu ni mara ngapi Mkokotoni na kurudi. Ila aliyesema hapo juu eti Lexus haijapata kuwa na ila, hapana. Agosti 2009 kule California Lexus ES 350 ilishindwa kusimama, zulia la miguuni liliukamata mguu wa mafuta, wakafa watu wanne wa familia moja. Yakafuata kuitwa mamilioni ya gari za Toyota na Lexus, na Februari 2010 Akio Toyoda, mkubwa wa kampuni, akasimama mbele ya bunge la Marekani kuomba radhi. Hilo nalo ni historia yao, asilifiche mtu.

Sasa Harrier yako. Wajapani wenyewe kwao mpaka 2005 hakukuwa na Lexus! Gari zile zile nyumbani ziliuzwa kwa jina la Toyota. LS ikaitwa Celsior, GS ikaitwa Aristo, IS ndo Altezza hizi mnazoziona vijana wanazikimbiza barabara ya Amani usiku, ES ndo Windom, na RX ndo Harrier, iliyotoka Japani Desemba 1997, Wamarekani wakaipata 1998 kwa jina la Lexus RX 300. Kwa hiyo jirani yako hakukosea, Harrier ya kwanza na ya pili ni RX, chuma kile kile, viti na urembo tu ndo vinapishana kidogo. Ya pili ile ya kuanzia 2003 Bara wanaiita tako la nyani, samahanini, mie nimenukuu. Ile ya kuanzia 2013 wanayoiita Anaconda ndo imeachana na RX kabisa, chini yake ni RAV4, kwa hiyo ukiiona hiyo ina L mbele mwenyewe kajitesa bure.

Na hapa ndo penye jibu lako. Lexus wamefungua Japani mwishoni mwa Agosti 2005 wakaanza na GS na SC, IS ikafuata, lakini RX haikuuzwa kule kwa jina la Lexus mpaka Januari 2009. Sasa hiyo "Lexus RX ya 2006 kutoka Japani" imetoka wapi? Ama ni Harrier imefanyiwa kama nilivyoifanyia mie, ama haikutoka Japani moja kwa moja, imeuzwa kwanza Uingereza au nchi nyengine ya usukani wa kulia. Muuzaji mwambie akutumie picha ya kibati cha kiwandani na namba iliyogongwa kwenye chesisi. Ya Japani huwa fupi, inaanza na alama za modeli kama MCU30 au ACU30, kisha kistari, kisha tarakimu zake. Ikiwa Lexus ya kuuzwa nje utakuta herufi na tarakimu 17 na mwanzo JT. Ukiona kistari milioni 4 zako zibaki mfukoni. Na usukani uutazame, usije ukakuta kuku.

Cha kukagua sasa. Kama enjini ni V6 (silinda sita) ya lita 3, ile inayoitwa 1MZ, fungua kifuniko cha oili utie tochi. Enjini hizi ukizidisha muda wa oili inaganda mle ndani inakuwa kama uji wa sembe uliolala, 2002 Toyota waliwaandikia wenye gari Marekani za 1997 mpaka 2002 kwamba watazitengeneza zilizopatwa. Yangu niliiua hivyo hivyo na sina wa kumlaumu, aliyenitangulia alikuwa mvivu na mie nikaendeleza, kila nikipata pesa naona bora nitie mafuta nipate safari nyengine. Hiyo V6 ina mkanda wa taimingi, uliza ushabadilishwa, na mjini yangu ilikuwa haipiti kilomita 7 kwa lita. Enjini ya lita 2.4 ina cheni badala ya mkanda na ndo ningekwambia uchukue kwa foleni zetu za Mwanakwerekwe. Ukiletewa ile ya haibridi, ya petroli na umeme, jua kuna betri ya volti 288 chini ya kiti cha nyuma, si ya kuchokonolewa na fundi wa kubahatisha.

Halafu kutu. Watu wanadhani gari ya Japani haina kutu, kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, inakuja hapa ishaanza kuliwa tumboni, ukiilaza Jambiani au Nungwi upepo wa bahari unamalizia. Akupigie picha chini, bushi, shokapu, mabomba ya breki. Yangu niliilaza mita 50 kutoka ufukweni miaka miwili, siku fundi anaipandisha jeki ikatoboka pale pale.

Hizo milioni 4 ningekuwa wewe ningezitia kwenye mkanda, shokapu nne, bushi za mbele na kupaka dawa ya kutu chini kabla gari haijalala hata siku moja pwani. Mwandikie muuzaji leo akupe hiyo namba ya chesisi, ukiipata iweke hapa hapa tuisome, mie nipo mpaka baada ya isha.