Tuliwataka fereti, Oktoba ikatukatalia

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, umewahi kutamani kufuga mnyama ambaye mtaani kwenu hafugwi? Uliamuaje?" Nilisoma swali hilo nikisubiri chakula cha mchana, nikacheka peke yangu hadi mama ntilie akanitazama. Kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, jambo hilo lilikula zaidi ya miezi mitano na daftari zima la binti yangu la kurasa 80.

Mnyama mwenyewe ni fereti. Kwa asiyemjua, mfikirie nguchiro, halafu mrefushe, mfupishe miguu, mvalishe manyoya laini ya rangi ya maziwa au kahawia. Jike kwa kawaida hafiki kilo 1, dume anaweza kufika 2. Ni wa ukoo mmoja na nyegere na kicheche wetu wa porini, na harufu ya ukoo anayo, japo kwake imepungua. Mwanzoni nilikuwa namwita kicheche wa kufugwa ili watu wanielewe. Niliacha siku niliposimama barazani nikatangaza kwa sauti kwamba nataka kuleta kicheche nyumbani, wapangaji wawili wakageuka kumtazama mke wangu.

Habari hii ililetwa na shemeji yangu anayeishi Uingereza. Ana fereti wawili, na jioni moja mwezi wa tano alimpigia binti yangu simu ya video akiwa amekaa nao sakafuni. Walikuwa wanacheza ule mchezo wao. Mmoja alikunja mgongo, akaruka kinyumenyume, akaruka pembeni, akagonga mguu wa kiti, akaanza upya kama hakuna kilichotokea, huku akitoa mlio kama kuku anayejisemesha akiwa juu ya mayai. Kisha mwenzake akatokea chini ya kochi anaburuta soksi. Mjomba mtu akaeleza kwamba hata jina lao la Kilatini limetokana na neno lenye maana ya mwizi, na kwamba huko Ulaya watu wamewafuga zaidi ya miaka 2,000, wakiwaingiza kwenye mashimo ili wawatoe sungura, nje kukiwa kumetegwa nyavu. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, hakusikia chochote baada ya soksi. Simu ilipokatika aliniambia tu: "Baba, wawili."

Naomba nikiri kwamba na mimi nilikuwa upande wake. Umri wangu huu, sijawahi kufuga kitu kisicholiwa wala kisicholinda. Kuku tunao, mbwa tulikuwa naye. Nilitamani mnyama wa kutazamwa tu jioni baada ya kazi.

Mke wangu hakupinga. Aliuliza swali moja: "Wanakula nini?"

Wanakula nyama. Si nyama na ugali, wala makombo. Utumbo wao ni mfupi, chakula kinapita kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo wanahitaji kula mara kadhaa usiku na mchana, na miili yao haijui la kufanya na nafaka. Ugali na mlenda, ambavyo kwa mbwa wa Dodoma ni karamu, kwa fereti ni kumnyanyasa. Hapa nilidhani tumekwama, lakini cha ajabu ndipo tulipofaulu. Nilikwenda soko la Majengo nikaongea na wachinja kuku. Shingo, vichwa, firigisi, maini, vyote vipo, na ukiwa mteja wa kila wiki wanakuwekea. Mnyama wa kilo 1 hali mlima wa nyama. Tulipiga hesabu tukaona vitumbua vya asubuhi vinatugharimu zaidi.

Kisha shemeji akaongeza, kwa nia njema, kwamba yeye huwapa vifaranga wa siku moja, wale majogoo ambao watotoleshaji wa kuku wa mayai hawawahitaji, wakiwa wamegandishwa.

"Kifaranga mzima?" binti yangu akauliza.

"Mzima, na manyoya yake."

Jioni ile hakuna aliyetaja fereti tena. Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye banda letu anahesabu kuku. Walikuwa 23, na wanalala hatua nne kutoka stoo tuliyokuwa tumepanga kuweka tundu la wageni. Fereti, kichwa chake kikipita mahali, na mwili unafuata. Mzee jirani yetu, ambaye habari zote za mtaa zinapita kwake kwanza, aliposikia alitikisa kichwa: "Sisi wezi wa kuku huwa wanakuja wenyewe kwa miguu. Wewe wako unamlipia ndege."

Shemeji aliposimuliwa alicheka, halafu akatuhadithia habari ya Nyuzilandi. Huko walipelekwa miaka ya 1880 wakapunguze sungura. Sungura hawakuisha, ila fereti walikuta nchi imejaa ndege wanaotembea ardhini, wasiojua adui wa namna hiyo. Tangu 2002 kumfuga, kumuuza au kumzalisha huko ni marufuku. Nilimwambia binti yangu kwamba kuku wetu nao hutembea ardhini. Alisema atajenga tundu imara. Ni kweli tundu imara linajengeka, na mimi nilishapata fundi wa nondo, kwa hiyo kuku nao hawakutuzuia.

Kilichotuzuia nilikuwa nacho juu ya kichwa changu siku zote: bati.

Shemeji alitaja jambo la joto kama kwa bahati mbaya, katikati ya maongezi ya soksi. Alisema kiangazi kwao kikipanda nyuzi 27 yeye huanza kuwa na wasiwasi, na ikizidi 30 anakimbilia nyumbani mchana kuwaangalia, kwa sababu fereti hatoi jasho la kumpoza kama sisi. Anahema, analegea, anaanguka, na akicheleweshwa anakufa. Nikamuuliza, kiangazi chenu kina siku ngapi za nyuzi 27? Akasema mwaka mwingine ni za kuhesabu kwa vidole.

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Nilinunua kipimajoto kwenye duka la dawa za mifugo, kile cha kuning'iniza kwenye banda la vifaranga, na binti yangu akachora safu tatu: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. Tulianza katikati ya Septemba. Siku za shule, ya saa 8 iliandikwa na dada anayetusaidia kazi, na mwandiko wake mkubwa unaonekana hadi leo.

Wasomaji wa Dodoma hamhitaji kusimuliwa Oktoba ya hapa. Mvua haijafika, upepo umejaa vumbi, miti imesimama kama vijiti vya kupigia mswaki, na mchana bati linatoa sauti, ka, ka, ka, linavyotanuka. Kipimajoto tulikining'iniza kwanza stoo, ambako hakuna dari. Saa 8 mchana kilisoma 34. Tukakihamishia chumbani kwetu, kwenye dari ya jipsamu, tukakilaza sakafuni pembeni kabisa mwa ukuta, mahali ambapo hata paka wa jirani huja kujinyoosha. Kilisoma 31. Usiku wa saa 2 stoo ilikuwa bado 28. Anayesema Dodoma usiku ni baridi anasema kweli, ila anasema habari za Juni na Julai.

Binti yangu hakukata tamaa, na hapa ndipo nilipojivunia mtoto. Alifunika dirisha kwa khanga iliyoloweshwa, ikasaidia nyuzi 1, na khanga ikakauka kabla ya saa kupita. Alisogeza feni, haikubadilisha chochote, maana feni hupoza mwenye jasho. Mwisho akafuata ushauri wa mjomba wake: aligandisha maji kwenye chupa ya lita 1 na nusu, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka ndani ya boksi la kadibodi pamoja na kipimajoto, kama vile fereti wamelala humo. Jumamosi hiyo tulikaa mkekani wote watatu tukilichungulia boksi. Kipimo kikashuka, 29, 28, kikafika 26. Akapiga makofi. Kilikaa hapo saa moja na dakika kadhaa, kikaanza kupanda taratibu, na ilipofika saa 10 alasiri chupa ilikuwa maji matupu na boksi limelowa chini likaachia.

Akaandika, halafu akauliza bila kuinua kichwa: "Siku za kazi, nani atabadilisha chupa?"

Mimi niko kazini, mama yake yuko dukani, yeye yuko shule. Dada yupo, lakini kumwachia dada uhai wa wanyama wawili juu ya kufua na kupika ni kumwonea. Na Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika tangu saa 4 asubuhi hadi jioni, friji likayeyuka, hata chupa ya kubadilishia isingekuwepo. Kiyoyozi? Mimi mwenyewe nalala na feni.

Mengine yalikuwa ya kuthibitisha tu. Nilimwona daktari wa mifugo hapa mjini, mtu mkweli, akasema wazi kwamba hajawahi kumshika mnyama huyo. Alinieleza mawili yaliyonikaa. La kwanza ni distempa, ugonjwa wa mbwa. Fereti asiyechanjwa akiupata ni nadra sana apone, na mbwa wanaozurura mtaani kwetu sidhani kama wamewahi kuona sindano. Tena si kila chanjo ya mbwa inamfaa, zipo zinazoweza kumletea ugonjwa wenyewe. La pili ni la jike. Akiingia joto la kutaka dume, asipopandwa wala kufungwa uzazi, anaweza kubaki katika hali hiyo muda mrefu, homoni zinaharibu uboho wa mifupa, damu inapungua, anakufa. Ukimpandisha, anabeba mimba siku 42 na kuzaa watoto hata 8. Kwa hiyo ni ama upasuaji na mtu ambaye hajawahi kuufanya kwa mnyama huyo, ama fereti 10 Nkuhungu. Daktari alinisindikiza hadi mlangoni: "Ndugu yangu, niletee ng'ombe." Alinikumbusha pia kwamba mnyama hai haingii nchini kwenye begi la mjomba, kuna kibali cha wizara ya mifugo na vyeti vya afya. Wizara iko hapa hapa Mtumba, kwa hiyo safari ya kuulizia ingekuwa fupi. Lakini sikufika huko.

Nusura nisahau mafua. Fereti anaambukizwa mafua ya binadamu, kiasi kwamba watafiti wa homa hiyo humtumia yeye kwenye maabara zao. Nyumba yetu ikianza kupiga chafya Julai, inapiga hadi Septemba.

Kijana mmoja wa mtaani, aliposikia kwamba tunatafuta "kitu kama nguchiro", alikuja na nguchiro mdogo hasa, ndani ya ndoo iliyofunikwa. Alisema huyu wa hapa joto halimsumbui. Kwenye joto alikuwa sahihi, lakini mnyamapori hafugwi hivi hivi bila kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi, na fereti na nguchiro ni vitu viwili. Mmoja ametengenezwa na mikono ya watu kwa karne nyingi hadi porini kwa sehemu nyingi hajiwezi, mwingine ana mama yake huko alikotolewa. Kijana aliniona mchoyo. Nilimsisitiza amrudishe kichakani alikomkuta. Kama alimrudisha, Mungu anajua.

Kwa hiyo mhariri, mliuliza tuliamuaje. Sikuamua mimi. Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba binti yangu alinyanyua daftari, akajumlisha siku ambazo saa 8 mchana ilizidi 30 chumbani kwetu, sakafuni, mahali penye ubaridi kuliko kote tulikonako. Kati ya siku 45, zilikuwa 38. Alizizungushia kalamu nyekundu moja moja. Kisha akampigia mjomba wake mwenyewe, akamwambia asituletee, akaomba aonyeshwe wakicheza. Walikuwa wamelala. Mjomba akasema hulala saa 14 hata 18 kwa siku, basi akamwekea simu karibu na tundu, wakawatazama wakihema.

Wale watakaoniambia kwamba kuna watu wanafuga fereti kwenye nchi za joto, naamini. Wana kiyoyozi kinachokesha na jenereta nyuma ya nyumba. Mimi nazungumzia nyumba ya bati, ya watu wanaotoka asubuhi.

Daftari halikuishia hapo. Aliendelea kuandika mwenyewe mwaka mzima, sijui kwa nini, na mwezi wa saba alinijia nalo amelifungua. Stoo, saa 8 mchana, nyuzi 22. Saa 1 asubuhi, 14.

"Julai tungeweza, baba."

"Na Oktoba?"

"Tunawapeleka Lushoto kwa bibi. Kule baridi."

"Bibi yako ana kuku wangapi?"

Akafikiri kidogo, akafunga daftari. "Nitampigia nimuulize."

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma