Jibu langu ni Eddie Robinson wa Grambling

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kocha gani, wa mchezo wowote, ambaye kazi yake ilibadilisha mambo nje ya timu yake mwenyewe. Mimi namtaja Eddie Robinson, aliyefundisha futiboli ya Marekani katika chuo kimoja tu, Grambling, jimboni Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997.

Alizaliwa mwaka 1919, na kabla ya kuajiriwa chuoni hapo akiwa na umri wa miaka 22 alikuwa kibarua katika kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge. Grambling kilikuwa chuo kidogo cha Wamarekani weusi; kocha alichora mistari ya uwanja kwa mikono yake, na safarini wachezaji walikula sandwichi alizowaandalia, kwa kuwa migahawa ya Kusini iliwakatalia huduma. Alipostaafu alikuwa ameshinda mechi 408. Wapo wanaosema kwamba alivishinda vyuo vidogo tu kama chake, lakini ubaguzi ndio uliompangia wapinzani hao, si yeye.

Hata hivyo, simtaji kwa sababu ya idadi hiyo. Kwa miaka mingi klabu za kulipwa ziliwataka vijana weusi kwa nguvu na mbio zao, huku zikiwanyima nafasi ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anayeisoma safu ya wapinzani na kuamua mpira arushiwe nani, kana kwamba kufikiri uwanjani ni kazi ya weupe peke yao. Waliokuwa wakiicheza nafasi hiyo vyuoni walihamishiwa kwingine mara walipofika huko. Robinson aliijibu dharau hiyo kwa mafunzo: alimwandaa James Harris mahsusi kwa kazi hiyo, na mwaka 1969 Harris akaianza mechi ya kwanza ya msimu akiwa kwotabeki wa klabu ya kulipwa ya Buffalo. Baada yake alimlea Doug Williams, ambaye Januari 1988 aliiongoza Washington kuifunga Denver 42–10 katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya kulipwa, akirusha pasi 4 za mabao ndani ya robo ya pili pekee, na akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kulitwaa taji hilo.

Robinson alipoondoka, Grambling ilimkabidhi timu Williams huyo huyo.