Barua kwa mwanangu: lile neno "mpole"

Mwanangu mpendwa,

Wasifu wa Babu ulionitumia nimeusoma mara tatu. Umeniuliza jambo moja tu: wajomba zako wanataka uandike kwamba alikuwa mpole, nawe hujui uliache neno hilo au ulifute. Ukaongeza, "Mama, wewe ndiye binti yake wa pekee, utaniambia kweli." Nimekaa na karatasi tangu alasiri. Kila nikitaka kuandika ndiyo au siyo, mkono unakwenda kwenye sanduku.

Kisa cha sanduku unakijua juu juu tu. Nilikuwa na miaka 11. Nilichukua mabaki ya mbao karakanani, nikafanya kazi jioni tatu kwa siri, nikatengeneza sanduku la kuwekea kalamu na barua zangu. Nililipiga msasa mpaka vidole vikaniuma. Siku nilipompelekea palikuwa na wageni wawili, wateja wake. Alilipokea, akalinusa kama alivyokuwa akinusa kila kipande cha mbao, kisha akachomoa uzi mfukoni. Akapima kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, akapima na pembe mbili zilizobaki. Sanduku likiwa sawasawa, vipimo hivyo viwili hulingana. Langu vilipishana nusu ya upana wa kidole. Akachukua patasi, akaingiza ncha yake kwenye gundi iliyokuwa haijakauka vizuri, akalifumua lote mbele ya wageni wale. Akanikabidhi vipande. "Anza upya."

Sikuanza upya. Hilo unalijua, maana hujaniona nimeshika randa hata siku moja.

Mimi husema siku zote kwamba marehemu naye ana haki ya kusemwa kweli. Nilisema hivyo alipofariki Bibi yako, na leo nasema tena. Mtu ukimsifu kwa sifa isiyokuwa yake, unamzika mwingine. Sasa kweli ya sanduku ni ipi? Kifundi, alikuwa sahihi kabisa. Tena palikuwa na kosa kubwa kuliko pembe: kitako nilikigandisha kwa gundi na misumari pande zote nne. Ubao ukivuta unyevu hupanuka kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki kabisa, kwa hiyo kitako kisichoachiwa nafasi lazima kipinde au kipasuke. Hili nilikuja kuelezwa na fundi mwingine nikiwa mtu mzima. Baba yangu alilijua siku ile ile, kwa kutazama tu, na hakuniambia. Angeniambia sababu, nadhani ningeanza upya usiku uleule. Ndilo linalonichoma mpaka leo. Kubomolewa nilishasamehe.

Lakini hebu ngoja. Nani alimweleza sababu yeye? Alifundishwa kwa kuoneshwa na kunyang'anywa kifaa mkononi, na wanafunzi wake wote aliwafundisha hivyohivyo. Hakuna aliyesikia maelezo kwake. Huenda siku ile alinihesabu fundi. Mimi nilitaka anihesabu mwanawe. Naliandika hili, na papo hapo naona namtetea. Haya, naliacha.

Habari ya masikio yake unaijua, ila kwenye wasifu umeipitisha kwa maneno mawili, "uziwi wa uzee". Haukuwa uzee peke yake. Inajulikana kwamba kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, mwaka hadi mwaka, inatosha kuharibu masikio, na msumeno wa mashine hupita 100. Yeye alisimama kando ya mashine zile maisha yake yote bila kuziba sikio. Daktari alinieleza kwamba ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba. Ndiyo maana Mjomba wako mkubwa, mwenye sauti ya ngoma, aliongea naye mpaka mwisho, na mimi akawa ananitazama midomo na kuitikia kwa kichwa. Miaka mingi nilidhani ananipuuza. Ewe mwanangu, miaka mingi sana! Kumbe alipoteza s, akapoteza f, akapoteza sh, na maneno yangu yalimfikia yamekatika vichwa.

Mwaka wake wa mwisho, jioni moja tulikuwa wawili tu barazani. Nikasema moyoni, leo namuuliza. Nikamsogelea upande wa sikio lenye nafuu nikamwambia, "Baba, unalikumbuka sanduku?"

Uso ukamfunguka. Akasikia "ndugu."

Akanisimulia habari za mdogo wake mpaka giza likaingia. Sisi sote tulijua tu kwamba alikuwepo na kwamba alikufa kijana. Kumbe alikuwa akipiga mluzi wa sauti mbili kwa pamoja. Kumbe alikuwa analala mchana juu ya lundo la maranda, akiamka ana vipande vya maranda kwenye nywele kama mikufu, na Babu alikuwa akimchomolea kimoja kimoja kabla bwana wao hajarudi, asije akachapwa. Alinionesha kwa vidole jinsi alivyokuwa akivichomoa. Vidole vile vinene, vyenye kucha iliyopasuka, vikachambua hewa polepole sana, kana kwamba kichwa cha mtoto kilikuwa pale baina yetu.

Sikurudia swali. Kwanza lingehitaji kupigiwa kelele, na swali kama lile halipigiwi kelele. Majirani wangelisikia kabla yake. Pili, sikutaka kumkatiza. Nilifurahi, nisikufiche. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa naye. Tulipoinuka nikamshika mkono kumwingiza ndani, na sanduku langu bado ninalo kifuani.

Sasa unataka neno. Lipo kwenye ncha ya kalamu, nami nalizuia kwa nguvu, maana sijui atakayeliandika ni mimi wa leo au yule wa miaka 11. Wajomba zako wana haki ya neno lao. Hawakuwahi kumpelekea sanduku. Au pengine walimpelekea, wakaanza upya. Sijawahi kuwauliza.

Tarehe zako ziko sawa. Uliposema alifunga karakana "kwa hiari," futa. Macho ndiyo yaliyomfungisha. Ndugu yake umemsahau kabisa, naye lazima aandikwe, na mluzi wake. Jina lake kamili muulize Mjomba mkubwa. Pale penye "mpole" acha nafasi. Nitakupigia kesho asubuhi, kabla hujapeleka kuchapisha.

Mama yako