Maswali na majibu: mtoto aliyebabuka kwa jua

Maswali ya juma hili karibu yote ni ya jua. Nimechukua machache.

Mwanangu wa miaka minne alishinda uwanjani, mabega yamebabuka. Bibi yake amempaka dawa ya meno. Tuendelee? (Mama, Kongwa)

Msiendelee. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na kila likirudi kuna mtoto amekwishapakwa. Ule ubaridi wa dawa ya meno hauponyi chochote, na dawa yenyewe inakausha na kuwasha ngozi iliyoungua. Samli na mafuta ya mgando yanazuia joto lisitoke. Ute wa yai unaingiza vijidudu. Mwondoe bibi lawama, lakini dawa ya meno irudi kwenye mswaki.

Mwoshe taratibu kwa maji ya kawaida ya mtungini, wala si barafu, kwa sababu barafu inaumiza ngozi upya. Kisha loweka kitambaa safi, kamua kidogo, mwekee dakika 10 hadi 15, urudie kila anapolalamika. Najua wengi wetu maji tunanunua kwa ndoo, ila kazi hii haimalizi hata jagi moja. Mvike nguo ya pamba iliyolegea. Mpe maji na uji mwepesi mara kwa mara. Akiumia sana, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini mtoto hapewi.

Malengelenge nitoboe?

Usitoboe. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji yake.

Mshubiri upo uani. Nimpake? (Baba, Mpwapwa)

Unaweza, kama ngozi haijachubuka. Osha jani, likate, lisimamishe mpaka utomvu wa njano uchuruzike wote, maana huo unawasha. Tumia ute mweupe wa ndani tu. Jaribu kwanza sehemu ndogo mkononi. Asinywe, hata kama jirani anasema unasafisha tumbo.

Ndimu itaondoa weusi uliobaki usoni?

Itauongeza. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua, inatoka malengelenge na kuacha madoa ya wiki nyingi. Kwa mtoto, ndimu ibaki jikoni. Na krimu za kung'arisha mnazouziwa mnadani zisiguse ngozi yake kabisa: nyingine zina zebaki.

Kijana wangu ni mweusi, anachunga mbuzi. Anasema shingo inamchoma, mimi naona anakwepa kazi. Sisi tunaungua na jua kweli? (Baba, Bahi)

Tunaungua. Weusi wa ngozi unakinga, lakini una kikomo. Kwetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitazame tu, mguse kwa mgongo wa kiganja: pana joto, panakaza, panauma, na baada ya siku chache panabambuka. Mwamini mwanao. Mpe kofia pana na shati la mikono mirefu, na saa sita mchana mbuzi na mchungaji wote wakae chini ya mti.

Shikamoo mama. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la pili. Mwezi huu wa sita ni baridi na upepo, mwalimu anasema kofia avue mstarini kwa kuwa jua halichomi. Akirudi namkanda kwa maji. Inatosha? (Mama, Chamwino)

Marahaba mwanangu. Haitoshi, na mwalimu amekosea.

Miale inayounguza si ile inayoleta joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na kipupwe kinachofanya ni kupoza ngozi tu ili mtoto asisikie anavyoungua. Hata mawingu mepesi yanapitisha miale hiyo. Kwa mtoto asiye na rangi ya kinga kwenye ngozi, kila kuungua kunajumlishwa na kulikopita, na mwisho wa hesabu hiyo ni saratani ya ngozi. Kitambaa cha maji kinatuliza maumivu ya leo. Madhara ya ndani hakiyafuti.

Nenda kwa mwalimu mkuu, ikiwezekana na barua ya daktari. Omba mambo haya: kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote (kapelo inaacha masikio na shingo), mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, mstari asimame kivulini, na asitumwe maji wala kufagia uwanja kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Sheria ya sare haiwezi kuwa kubwa kuliko ngozi ya mtoto, na mkuu wa shule anayeng'ang'ania hilo anaumiza mtoto aliyekabidhiwa.

Losheni iwe ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, apakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa mbili. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni maalumu kwa watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi jinsi ya kuipata. Kidonda au gamba lisilopona mwezi mzima likaonwe hospitali, lisipakwe dawa ya nyumbani.

Nitajuaje ni la hospitali?

Mtoto chini ya mwaka mmoja: kila kuungua. Mkubwa: malengelenge usoni au eneo kubwa, homa, kutapika, kulegea, au kutokojoa kwa saa nyingi. Hapo usingoje asubuhi.