Iafoni za bei rahisi hazina besi? Anza na kimpira

Mkuu, umesema uko Masasi, una elfu ishirini, unapanda sana basi la Dar, na kila iafoni unayonunua "haina besi". Jibu litakuwa refu kidogo, maana haya mambo nayachezea muda mrefu hapa Mtwara na mezani kwangu nina kopo zima la iafoni zilizofumuliwa.

Besi ipo, ila inavuja. Kimpira, kile kilaini kinachovishwa kwenye ncha ya iafoni, kisipoziba tundu la sikio, besi ndiyo inayotoroka ya kwanza, unabaki na zile sauti za juu zinazokwaruza. Jaribu hivi: weka wimbo wenye gitaa la besi (dansi la zamani linafaa kuliko singeli), halafu sukuma iafoni ndani taratibu kwa kidole. Mdundo ukinenepa ghafla, tatizo ni saizi ya mpira. Watu wengi wanavaa ile ya kati iliyokuja imevishwa, zile nyingine zinatupwa na boksi lake! Na masikio ya mtu mmoja hayalingani. Mimi kulia navaa mkubwa, kushoto wa kati. Wakati wa kuvaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kimpira kitakaa.

Kwenye kununua, maandishi ya boksi yasikusumbue. "Hezi 20 hadi 20,000", yaani sauti nzito hadi nyembamba inazotoa, yanaandikwa kwenye kila takataka. Omu (ukinzani wa umeme) 16 au 32, zote simu inazimudu. Tazama kama kuna vimpira vya akiba, na kama waya umekazwa vizuri pale unapoingia kwenye pini, maana hapo ndipo unapokatikia. Zile zenye jina kubwa zinazouzwa buku tano stendi, jina hilo lisahau. Ukiweza kuongeza hela kidogo, tafuta za KZ, kampuni ya Kichina, ambazo waya unachomoka; waya ukifa unabadilisha waya tu.

Sasa ufundi. Mulika iafoni kwa tochi ya simu uone vitundu vya kupumulia. Kilicho upande wa sikio, mbele ya spika, kinavujisha besi kwa makusudi. Ukikifunika kwa kipande cha ile plasta nyeupe ya karatasi ya duka la dawa, besi inaongezeka. Usikizibe kabisa kwa gundi. Hewa ikikosa pa kutokea, unasikia "krr" kila unapovaa. Hicho ni kiwambo, ule utando mwembamba wa spika unaotoa sauti, kinabonyea. Kitundu cha mgongoni ni kinyume chake: ukikiziba, kiwambo kinakosa nafasi ya kucheza na besi inakauka. Nimeona watu wakiziba cha nyuma wakitegemea mdundo, wakaambulia redio ya mbao.

Kama kinanda cha singeli kinakuchoma, chomeka sponji laini, kiasi cha punje ya mtama, ndani ya mdomo wa iafoni, nyuma ya kimpira. Inapooza sauti za juu. Sponji ikizidi, waimbaji wote wanaimba wamefunikwa blanketi, kwa hiyo anza na kidogo. Fanya upande mmoja kwanza, linganisha na mwingine, ndipo uamue. Na kabla ya yote hayo safisha wavu wa mbele; upande mmoja ukiwa na sauti ndogo, mara nyingi ni nta ya sikio.

Waya ukikatika karibu na pini, fundi simu yeyote anaunga, ila msimamie. Ndani utakuta vinyuzi vyembamba vya rangi, mara nyingi chekundu cha kulia, kijani au bluu cha kushoto, na cha shaba cha pamoja. Ile rangi ni vanishi, risasi ya kuungia haishiki juu yake. Pitisha moto wa kiberiti cha gesi mara moja tu, futa masizi, ndipo uunge. Fundi mwenye haraka anaruka hatua hii, halafu anakwambia spika imekufa.

Ndani ya basi, muungurumo wa injini unafunika besi, ndiyo maana mnaongeza sauti mpaka jirani anasikiliza bure. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukifika 90 zinabaki saa 4 tu, na safari yako moja inazimaliza. Kimpira kinachoziba kinakuruhusu kushusha sauti. Juu ya bodaboda vua kabisa, honi ya lori huisikii.

Halafu hukusema, simu yako ina tundu la pini au ni Type-C tupu? Kama ni Type-C, adapta nyingine za bei ya chini hazina chipu ya kugeuza sauti ya kidijitali iwe umeme wa kuendesha spika, na simu nyingi ukizichomekea zinakaa kimya. Jaribu palepale kwa muuzaji kabla hujatoa hela.