Kabla hujaunganisha Kigoma hadi Tabora kwa pikipiki

Wadogo zangu maafisa ugani mlioripoti juzijuzi, haya nawaandikia ninyi. Jumatatu niliwakuta wawili mnafunga mizigo nje ya ofisi. Dumu la mawese la lita 20 limening'inia upande wa kushoto, kiroba cha dagaa kimekaa mwisho wa keria mpaka kimeziba taa ya nyuma, helmeti moja imetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Saa inakaribia tano asubuhi. Nikawauliza mnakwenda wapi. Mmoja akanijibu huku anacheka: "Tunaunganisha, kaka. Usiku tupo Tabora, kesho Ipuli kwenye maonyesho ya Nane Nane."

Niliwazuia, mkanuna. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba watu wa zamani wa ofisi hii wanapenda kutisha wageni. Sikukasirika. Nilikaa kimya kwa sababu katika lile dumu, mahali lilipofungwa, na saa ile mliyopanga kuondoka, nilikuwa najiona mimi mwenyewe. Ngoja niwaeleze vizuri, maana pale uwanjani sikuweza.

1. Mzigo. Kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma inainyanyua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na ukifika 60 kwenye changarawe pikipiki inaanza kucheza kama inataka kukuaga. Dumu la mafuta ni baya zaidi likiwa halijajaa, kwa sababu ukikata kona mafuta yanakuja nyuma yako na kukusukuma. Kizito kikae karibu na kiti, pande zote mbili sawa. Dagaa na mawese ya wajomba yapelekeni na basi au treni, yatafika. Kuna mwenzetu aliwahi kufunga jogoo wa ukweni kwenye keria. Kamba ikalegea alipofika Nguruka siku ya mnada, na nusu ya mnada ikaacha kununua ikaanza kukimbiza jogoo. Alipatikana saa nane mchana, juu ya paa la mama muuza maandazi. Safari ya siku ile ikaishia hapohapo, na nawaambia kweli, ile ndiyo ajali nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye barabara hii.

2. Cheni, upepo, breki, spoku, taa: kagueni jioni ya kuamkia safari wakati fundi bado yupo, na mbebe tyubu moja, pampu ya mkono na spana za kufungulia matairi yote mawili.

3. Ndorobo, yaani mbung'o. Ukishaingia porini ng'ambo ya mto Malagarasi watakufuata, kwa sababu wanapenda kitu kinachotembea. Wanapenda pia rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki, mikono mirefu. Dereva anayejipiga makofi shingoni kwa mkono wa klachi hana mikono miwili.

4. Jua. Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Kigoma na Tabora saa zetu zinasoma sawa, lakini jua halitumii saa yetu. Sisi wa ziwani tuko magharibi zaidi, kwa hiyo jua la Tabora linatua karibu robo saa kabla ya letu. Mtu aliyezoea kuona mwanga juu ya maji mpaka saa moja na nusu anajidanganya akidhani mwanga huo atakwenda nao. Ndani ya miombo giza linaingia mara moja, na vumbi linalimalizia lile lililobaki.

Agosti 2016 nilitumwa Nane Nane kupeleka mikungu ya chikichi na vipeperushi vya banda letu. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Fedha ya mafuta ilichelewa kutoka, nikaondoka Kigoma saa sita mchana badala ya alfajiri. Kwenye keria boksi la chikichi, ubavuni dumu la mawese la mjomba wangu wa Tabora. Kufika Uvinza, pancha. Nguruka nikaingia saa kumi na mbili kasoro, nimeloa vumbi mpaka kwenye meno. Nikanywa chai kwa mama mmoja pale stendi. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia Tabora. Akaacha kukoroga. "Leo hii? Lala hapa, mwanangu. Chumba kipo, maji ya kuoga yapo." Nikamwambia nimeshawaahidi watu. Kweli nilikuwa nimeahidi: nilimpigia simu mwenzangu wa Tabora nikajisifu kwamba naunganisha. Basi, ahadi yenyewe ilikuwa hiyo.

Lami tuliyonayo sasa wakati ule ilikuwa haijafika kila mahali. Nilipoingia kipande cha changarawe kuelekea Kazilambwa nikalikuta lori mbele yangu, limepakia marobota ya tumbaku, linakwenda polepole na kumwaga vumbi. Nikalifuata kwa muda mrefu. Macho yanauma, kwenye ulimi nasikia ladha ya udongo. Jua limeshatua. Kila nikiangalia saa naiona Tabora inarudi nyuma. Nikasema sasa basi. Nikatoka kulia, nikavuta mafuta, nikaingia ndani ya lile vumbi kulipita lori.

Kwa kasi ya 70 pikipiki inakwenda karibu mita 20 kila sekunde. Nilikuwa ndani ya vumbi sekunde tatu, labda nne. Pigeni hesabu wenyewe ni mita ngapi nilizokwenda bila kuona chochote, kwa kuamini tu kwamba barabara ni tupu.

Haikuwa tupu. Kulikuwa na mzee anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, pembeni kabisa, upande wa kulia, anatazamana na magari kama kila mwenda kwa miguu anavyofundishwa. Alikuwa mahali pake. Nilimwona akiwa ameshakuwa mkubwa mbele ya taa yangu. Nikabana breki ya mbele yote. Kwenye changarawe tairi la mbele likijifunga halisimami, linateleza, na mzigo wa nyuma ukanisukuma. Nikaangukia bega la kushoto. Pikipiki ikaenda yenyewe ikampiga yule mzee kwenye baiskeli, na magunia yakamwangukia.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka miwili. Nilipoinuka, kitu cha kwanza nilichokifuata kilikuwa pikipiki ya ofisi. Nikainyanyua kwa mkono mmoja, mwingine haukubali kupanda. Nikaangalia tangi kama limebonyea. Nikaikanyaga kuona kama inawaka. Na wakati naikanyaga, nyuma yangu, kwa sauti ya chini kabisa, mzee anasema: "Kijana, mguu wangu. Kijana." Aliniita mara tatu kabla sijageuka. Mara tatu nilizihesabu, kwa sababu kila mara nilijiambia ngoja kidogo iwake.

Watu wakatoka kijijini na tochi za simu. Wa kwanza kufika akapiga yowe, akidhani barabara nzima ni damu. Yalikuwa mawese. Dumu lilipasuka, mafuta mekundu yamesambaa juu ya vumbi mpaka chini ya mgongo wa mzee, na chikichi zimetapakaa kila upande zinang'aa kwenye mwanga. Mama mmoja aliyekuwa amekuja mbio akayashika yale mafuta kichwani mwa mzee, akanusa vidole vyake, akasema kwa nguvu, "Ni mafuta! Ni mafuta, siyo damu!" na watu wakapumua. Lakini mguu, chini ya goti, ulikuwa umeelekea upande usio wake.

Kijana mmoja alikuwa na akili kuliko sisi wote. Alikataza watu kumvuta mzee kwa mabega. Waliondoa gunia moja moja, wakamfunga mguu kwa fito mbili na vitenge, wakaleta kitanda cha kamba wakamlaza juu yake, na kitanda chote kikapandishwa kwenye gari dogo la mizigo. Mzee akaomba maji. Yule kijana akamlowanisha midomo tu, akasema kama watamfanyia upasuaji tumbo liwe tupu. Mimi nilikaa kando, nimeshika mkono wangu. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, nilikuwa nauhisi unachomachoma chini ya ngozi kila nikivuta pumzi.

Na bado sijamaliza kosa langu. Usiku ule, pale tulipotibiwa, mtoto wake mkubwa alikuja. Nikamwita pembeni nikamwomba tuyamalize wenyewe, nitalipa matibabu kidogo kidogo, polisi tusiwafikishie. Nilikuwa naogopa ofisi. Kibali changu cha kutumia pikipiki kilikuwa cha ndani ya mkoa, sikuwa nimeomba kibali cha kwenda Tabora. Yule mtu alinitazama muda mrefu. Akasema, "Wewe ni msomi. Mimi sijui haya mambo ya bima, ila nimesikia yapo. Baba akishindwa kulima mwaka huu, hizo kidogo kidogo zako zitakuwa chakula?" Akaondoka akaenda kukaa na baba yake. Asubuhi, mkono umefungwa shingoni, nilikwenda polisi mwenyewe, nikaandikisha maelezo, nikasema nilikuwa upande wa kulia ndani ya vumbi.

5. Ikitokea. Andikeni haya kwenye daftari la shambani. Zima injini, angalia mtu kwanza, pikipiki haina mifupa. Aliyezimia usimvue helmeti kwa pupa wala usimkunje. Kama anapumua mwache alivyo mpaka wapatikane watu wa kutosha kumbeba akiwa amenyooka. Namba 112 ni ya polisi, lakini porini mtandao unakatika, kwa hiyo mtume mtu kijijini hapohapo. Majeruhi apelekwe kutibiwa, na mtu mwingine afuate PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Piga picha barabara kabla magari hayajafuta alama.

Na bima. Wengi wenu mkiulizwa mnasema "pikipiki ina bima" bila kujua ni ipi. Bima ndogo inamlipa yule uliyemwumiza. Wewe haikulipi, wala pikipiki yako. Lakini hata huyo uliyemwumiza halipwi kama hakuna taarifa ya polisi, ramani ya tukio na ripoti ya daktari. Ukimshawishi "tuyamalize kienyeji" unamnyang'anya haki yake ukiwa umemshika mkono kwa upole. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Madai ya mzee yalichukua muda mrefu na safari nyingi, kila mara karatasi moja imepungua, ila yalilipwa. Kama ningemsikiliza mimi wa usiku ule, yasingelipwa kamwe.

Mzee alikaa na hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, mpaka mvua za Novemba zikaanza. Msimu ule niliweka vibarua kwenye ekari zake mbili za mahindi, nikaenda mwenyewe kuonyesha nafasi za kupandia, maana hilo angalau ndilo ninalolijua. Siku ya kwanza nilipofika niliogopa kuingia uani. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kama bega langu limepona. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza.

Tangu hapo kila Nane Nane silali Tabora siku ya kwanza. Nalala kwake. Nafika saa kumi jioni, jua bado liko juu, naegesha pikipiki chini ya ule mwembe, naoga, tunakula ugali na mlenda, na asubuhi ananiamsha yeye: "Mwangaluka, kijana. Barabara imeamka." Anatembea kwa fimbo. Mguu umepona ukiwa mfupi kidogo. Baiskeli ya mkaa anasukuma mjukuu sasa, na nimeibandika vipande vya karatasi inayong'aa mbele, nyuma na kwenye spoku. Vinauzwa bei ndogo kwa wauza vipuri. Mkipita vijijini kwenu wabandikieni watu.

6. Mahali pa kulala. Uvinza vyumba vipo, Nguruka vipo, Kaliua vipo, Urambo vipo. Ikifika saa kumi na moja jioni, mji ulio mbele yako ndio mwisho wa safari ya siku hiyo, hata kama umebakiza kilomita arobaini, hata kama kuna mtu anakusubiri na chakula kimeiva. Mpigie simu umwambie umelala. Mwanzoni utaona aibu. Mimi sasa hivi nampigia mkuu wangu wa kazi bila aibu yoyote, namwambia nimelala Kaliua, naye ananijibu vizuri, lala.

Kibali cha kutoka nje ya mkoa kinaandikwa dakika kumi, fomu ziko kwenye kabati la kijani. Nimeshaongea na mhusika, atawasainia. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa uwanjani na tochi. Njooni na helmeti mbili, kila mtu na yake. Cheni ya ile pikipiki nyekundu inagonga, niliisikia Jumatatu, tutaikaza kabla hamjatoka. Dumu la mawese liacheni kwangu, nimelikatia tiketi ya basi.