Besi mpya isiyo na freti: kabla hujaupaka ubao supaglu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata gitaa la besi lisilo na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole), la nyuzi nne, lililochongwa kwa mkono kwenye karakana ndogo ya Ujerumani. Niliagiza nikasubiri karibu mwaka mzima. Ubao wa vidole ni wa eboni, mtupu, hauna mistari, una vidoto vya pembeni tu. Lilifika hapa Moshi mwezi wa nne, katikati ya masika. Mwanzoni lilikuwa safi, sasa uzi wa G, ule mwembamba kuliko zote, unakwaruza kuanzia katikati ya shingo, na wanakwaya wenzangu wanalalamika kwamba besi iko chini ya sauti, yaani noti zangu zinashuka kidogo kuliko zao. Fundi mmoja amesema tupake supaglu ubao wote, mwingine anataka kupachika freti. Nyuzi ni zile zilizozungushiwa waya wa duara. Nifanye nini? – Mpiga besi, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Gitaa lililosubiriwa mwaka mzima lisiguswe na msasa wala gundi kabla halijapimwa. Kwa hiyo supaglu ikae kando, na habari ya freti tusiiongelee kabisa. Una matatizo mawili, nawe umeyaleta kwenye kapu moja. Mkwaruzo unatoka kwenye shingo na nyuzi. Kuwa chini ya sauti kunatoka mkononi mwako. Kila moja lina dawa yake.

Tuanze na shingo. Gitaa limetoka kwenye karakana ya Ulaya, likasafiri, likaja kushukia masika ya Moshi. Mti hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, na kila mara shingo hujipinda kidogo. Nyuzi nne za besi zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 80, na kinachozihimili ni mti wenyewe pamoja na ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Badiliko dogo kwenye gitaa lenye freti unaweza usilisikie. Kwenye ubao mtupu unalisikia siku hiyohiyo.

Pima hivi. Tyuni gitaa kama unavyolipiga, lishike kama unavyolishika ukiwa unapiga, usililaze mezani. Bonyeza uzi wa G mwanzo kabisa wa ubao kwa kidole kimoja, na mwisho wa ubao kwa mkono mwingine. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Mwambie mwenzako aangalie uwazi kati ya uzi na ubao pale katikati. Azima fila za fundi magari, zile anazopimia valvu. Kwa besi isiyo na freti mimi napenda uwazi wa milimita 0.10 hadi 0.20. Usipoona uwazi wowote, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma, na huo mkwaruzo ndiko unakotoka. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, shingo imeinama mbele.

Kurekebisha ni kwa ile fimbo. Tumia spana iliyokuja na gitaa, legeza nyuzi kidogo, zungusha robo ya mzunguko tu. Kukaza kunapunguza mpindo, kulegeza kunauongeza. Kisha tyuni tena, liache lilale hadi kesho, upime upya. Mti haukubali haraka. Spana ikigoma, acha hapohapo na umwandikie aliyelitengeneza, maana fimbo ikikatika ndani ya shingo ni kazi ya kubandua ubao mzima. Hii ndiyo faida ya kununua karakana ndogo: aliyeichonga shingo hiyo ndiye atakayekujibu. Na ukishapaka supaglu, dhamana yake usitarajie tena.

Shingo ikikaa sawa, sikiliza mkwaruzo uliobaki. Ukiwa kwenye noti moja tu na jirani zake ni safi, kuna kilima au mfereji mahali hapo, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibao cha msasa chenye mviringo uleule wa ubao wako. Lakini ukiwa mwepesi, umesambaa shingo nzima, na noti inafunguka taratibu kama mtu anayetamka "mwaa", usiuguse. Hiyo ndiyo sauti uliyoilipia. Inatokea kwa sababu uzi unatetemeka karibu sana na mti kwa urefu mkubwa, unaugusagusa. Kwenye freti uzi unaishia juu ya chuma chembamba, kwa hiyo sauti hiyo haipatikani. Ukiitaka zaidi, piga karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), ongeza sauti ya pikapu ya nyuma, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, punguza kidogo ya mbele.

Sasa supaglu. Wazo hilo halikutoka hewani. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeifanya besi ya aina hii ijulikane duniani miaka ya 1970, aliupaka epoksi, gundi inayokauka kuwa gamba gumu, ubao wa gitaa lake la besi, Fender Jazz Bass ya 1962. Gitaa lile lilitengenezwa na freti, zikang'olewa, mifereji ikabaki ikazibwa, na ubao ulikuwa wa rozwudi, mti laini kuliko eboni. Tena alitumia nyuzi za waya wa duara, ambazo ni msasa mtupu. Gamba lile lilikuwa na kazi yake. Ubao wako haukuwahi kuwa na freti, na ni wa mti mgumu. Supaglu ikipakwa vizuri hupakwa tabaka kwa tabaka, kisha husawazishwa kwa kibao cha mviringo hadi ubao urudi kwenye umbo lake. Ikimwagwa na kusuguliwa kwa mkono inaacha mawimbi, na kuyaondoa ni kupiga randa ubao wenyewe. Kwa gitaa lako sioni sababu.

Badili nyuzi kwanza. Kama hizo ni za chuma cha pua, zinakula ubao kuliko za nikeli. Ningekuwa wewe ningefunga nyuzi zilizozungushiwa waya bapa. Zinateleza, hazichimbi mti, na sauti yake nene inakaa vizuri chini ya kwaya na kinanda. Utapoteza ule mng'ao wa juu, na "mwaa" itapungua kidogo. Ukiona huwezi kuishi hivyo, funga za nikeli za duara, na mtetemo wa kidole uufanye kwa kuviringisha ncha ya kidole kufuata urefu wa uzi, kama wapiga fidla. Ukiusukuma uzi kushoto na kulia kama mpiga solo, utaona mistari kwenye ubao mapema sana, na itaanzia chini ya G. Nyuzi bapa nyingi huvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ukishazifunga pima shingo tena.

Kuna watakaokwambia ubandue eboni uweke mpingo, kwa kuwa tuko nyumbani kwake. Mpingo ni mti wa ajabu, mzito hadi unazama majini, na klarineti bora za dunia zinatoka humo. Naupenda. Ila hukua polepole mno. Ndiyo maana hapo kwenu Moshi, tangu 1996, Sebastian Chuwa na Mmarekani James Harris waliendesha mradi wa kupanda miche yake. Kuukata kwa ajili ya gitaa ambalo tayari lina ubao mzuri sikushauri.

Turudi kwa kwaya. Umezoea besi yenye freti, ambako kidole hukaa nyuma ya chuma na chuma ndicho kinachoamua noti. Hapa anayeamua ni ncha ya kidole. Kama uzi wako una urefu wa kawaida wa milimita 864, nusu sauti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka pale uzi unapoanzia kichwani. Ukiweka kidole milimita 10 nyuma ya hapo, kwa mazoea ya zamani, unashuka kama senti 20, yaani moja ya tano ya nusu sauti. Karibu na oktavu, kosa hilohilo la milimita 10 linakushusha senti 40. Sopranu watasikia tu.

Hakikisha kwanza vidoto vinakwambia nini. Watengenezaji wengine huviweka pale noti ilipo hasa, wengine huviweka katikati ya nafasi kama kwenye gitaa la freti. Gusa uzi bila kuubonyeza mpaka upate ile sauti ya kengele: inapatikana milimita 432, yaani nusu ya uzi, na pia 288 na 216. Hizo ndizo sehemu ambazo freti ya 12, ya 7 na ya 5 zingekuwa. Linganisha na vidoto vyako. Halafu bonyeza kabisa pale 432. Sauti isipolingana na ya kengele, sogeza kitandiko cha uzi huo, kile kipande unachokalia, kwenye daraja.

Mazoezi yako yawe haya: mtu ashikilie noti moja kwenye kinanda, nawe upande ngazi ya do re mi polepole juu yake. Noti zisipokaa pamoja utasikia sauti inapigapiga. Sogeza kidole mpaka itulie. Usitegemee spika ya simu kwa hili, maana E ya chini ni hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika hiyo haiitoi. Imba noti kabla hujaipiga. Mwanakwaya tayari unalo sikio la solfa, litumie.

Gitaa likae kwenye kesi yake, mbali na dirisha, na lisiachwe kwenye buti la gari. Chumba cha bati kisicho na dari, Januari na Februari, kinachemka mchana na kupoa usiku, na shingo itacheza kila siku. Kama lina betri ya volti 9, chomoa waya ukimaliza kupiga, la sivyo inaisha ikiwa imekaa tu.

Niandikie ukiwa na vipimo vitatu: uwazi wa katikati ya shingo chini ya uzi wa G, kimo cha G na cha E, ule uzi mnene kuliko zote, juu ya ubao pale milimita 432. Ongeza picha ya ubao ukiwa umeelekezwa kwenye mwanga wa dirisha, ili nione kama kuna mfereji.